Vifuu Darasani: Jinsi Pwani Ilivyolifungua Fundo la Lugha ya Chekechea

Kwa miaka mingi tuliiita shule ya vidudu. Jina lilikuwa la mapenzi, lakini lilibeba mtazamo wake: hawa ni wadogo mno kuitwa wanafunzi, na kazi ya mwalimu wao ni kuwaweka pamoja wasipotee mpaka shule yenyewe ianze. Baadaye likaja chekechea, likaja nasari, likaja elimu ya awali, na siku hizi mzazi wa Kenya husema mwanawe yuko PP1. Majina yamebadilika upesi kuliko maswali yaliyo nyuma yake. Mtoto wa miaka minne anapovuka kizingiti cha kwao asubuhi ya kwanza, mtu mzima asiyemjua atazungumza naye kwa lugha gani? Na atamwambia nini: "Kaa chini, nyamaza," au "Leo unataka kufanya nini?"

Kwa haraka haraka maswali haya mawili ni tofauti. La kwanza ni la lugha, la pili ni la mamlaka. Lakini katika historia ya Afrika Mashariki yalifungwa pamoja kama fundo, na ilichukua takriban miaka thelathini kabla ya watu fulani, katika vyumba vidogo vya madrasa mjini Mombasa, kuanza kulifungua.

Tuanze na kilichokuwepo kabla ya serikali yoyote kufikiria watoto wa umri huo. Mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, mtoto alianza safari yake ya elimu chuoni. Mwalimu aliketi barazani au katika chumba cha nyumba yake, watoto wakakaa mkekani na ubao mkononi, wakaanza na alifu. Umri haukuandikwa popote. Aliyeweza kukaa na kutamka alipelekwa. Wakubwa waliwasomesha wadogo, na kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, kwani hapakuwa na darasa la kumaliza kwa pamoja. Mtoto alihitimu juzuu yake alipohitimu.

Chuo kilikuwa shule ya lugha mbili kabla neno hilo halijabuniwa. Kilichosomwa kilikuwa Kiarabu, lakini maelezo, makaripio, sifa na utani vilikuwa Kiswahili. Tena herufi zilezile za Kiarabu ndizo zilizotumiwa kuandikia Kiswahili chenyewe: tenzi, barua za biashara, hesabu za duka. Mtoto aliyejua alifu na be alikuwa ameshika ufunguo wa milango miwili. Tusikipambe chuo kupita kiasi, maana fimbo ilikuwepo, na watoto wengi walihifadhi sauti za maneno bila kujua maana yake. Hata hivyo, hakuna mtoto aliyeambiwa kwamba lugha aliyotoka nayo kwa mama yake haikubaliki mkekani.

Watawala wa kikoloni walipoanzisha shule za serikali Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi hawakuwapeleka watoto wao. Maofisa wengine waliona huo ni uvivu au ushamba. Wazazi walikuwa na hoja yao: shule mpya haikuwa na Kurani, na Kiswahili chake kiliandikwa kwa herufi za Kizungu. Ni pale Kurani ilipoingizwa katika ratiba ya shule za serikali ndipo wazazi walipoanza kulegea. Tukio hilo lilikuwa na fundisho ambalo lilisahauliwa upesi. Mzazi wa pwani hakukataa elimu. Alikataa kuchaguzwa kati ya shule na mambo yaliyomfanya mwanawe kuwa wake.

Mwaka 1953 UNESCO ilitoa ripoti maarufu kuhusu matumizi ya lugha za wenyeji katika elimu. Ushauri wake ulikuwa bayana: mtoto afundishwe kwanza kwa lugha ya mama, na kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Miaka minne baadaye, Nairobi ilielekea upande wa pili. Mwaka 1957, wataalamu wa elimu walianza jaribio la kuwafundisha watoto wa Kihindi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Jaribio lilionekana kufaulu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 likahamishiwa katika shule za Waafrika kwa jina la New Primary Approach, au NPA.

Hapa ndipo fundo lilipofungwa. NPA haikuleta Kiingereza peke yake. Ilileta pia mbinu mpya za kufundisha. Madawati yalipangwa kwa makundi badala ya safu. Watoto waliinuka, walicheza michezo ya maneno, walishika vitu kwa mikono yao, walichora, walifanya kazi wawili wawili. Vitabu vya mfululizo wa Peak vilikuwa na picha za rangi. Mwalimu alikuwa amepewa mafunzo maalumu na alitembelewa na mkaguzi wa kumsaidia. Yote hayo yalikuwa mageni kwa watoto waliozoea kukariri kwa pamoja huku wamefumba mikono.

Jiweke katika nafasi ya mzazi wa mwaka 1963. Kando ya barabara kuna darasa la kawaida: watoto sitini, mwalimu mmoja, ubao mmoja, na lugha ya kwao. Kando ya pili kuna darasa la NPA: picha, michezo, mwalimu aliyefunzwa, na Kiingereza. Utasema lipi ni bora? Na ukiulizwa ubora wake unatokana na nini, utataja kitu kilicho rahisi kusikika ukipita dirishani: Kiingereza. Mbinu nzuri na lugha ya kigeni viliuzwa katika furushi moja, na wanunuzi wakaamini kwamba kimoja ndicho kilichozaa kingine. Imani hiyo bado inalipiwa karo hadi leo.

Mwaka 1964, Tume ya Ominde, iliyoundwa mara baada ya Kenya kupata uhuru, iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kwa lugha za wenyeji ilipendekeza kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi. Kwa maneno mengine, lugha ya nyumbani ilipewa jioni ya siku ya shule, hekaya na vitendawili, huku hesabu, sayansi na mambo yote yenye mtihani yakipewa lugha ya pili. Mtoto ni mwepesi wa kusoma alama kama hizo. Anajua upesi ni lugha ipi ya mambo ya maana na ipi ya kupumzikia.

Wengine walifundishwa hilo kwa njia kali zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind, ameeleza jinsi wanafunzi wa enzi ya hali ya hatari walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuzungumza Kikuyu kwenye uwanja wa shule, na jinsi kifungo kilivyopitishwa mkono kwa mkono ili kila mtoto amsaliti mwenzake. Vibao vya namna hiyo, ambavyo katika shule nyingi za Kenya viliitwa monto au diski, viliendelea kuwepo muda mrefu baada ya bendera kubadilishwa. Darasa linaweza kuwa na picha za rangi na madawati ya makundi, na bado likawa darasa linalomnyamazisha mtoto.

NPA yenyewe ilichoka kufikia mwisho wa miaka ya 1960. Ilikuwa imepanuliwa haraka kuliko uwezo wa kuwafunza walimu, na wengi wao hawakuwa na Kiingereza cha kumfundishia mtu kitu kingine. Mwaka 1976 kamati ya Gachathi ilipendekeza kurejea kwa lugha ya eneo la shule katika madarasa matatu ya mwanzo. Upande wa pili wa mpaka, Tanzania ilikuwa tayari imefanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zake zote za msingi tangu mwaka 1967. Lakini kwa watoto walio chini ya umri wa darasa la kwanza, serikali zote zilikuwa bado zinaangalia pembeni. Nchini Kenya, mradi wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu, uliosaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer, ulianza mwaka 1971, na kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE, kiliundwa mwaka 1984. Mzigo wenyewe ulibaki kwa harambee za wazazi.

Sasa tuje Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mzazi Mwislamu wa kipato kidogo alikuwa na tatizo la saa. Asubuhi ni moja tu. Akimpeleka mwanawe chuoni, mtoto atahifadhi sura zake, lakini atafika kwenye usaili wa darasa la kwanza bila kujua kushika penseli wala kutaja rangi kwa Kiingereza, na shule nzuri zitamkataa. Akimpeleka nasari, ambayo mara nyingi ilikuwa ya kanisa au ya mtu binafsi, atafaulu usaili, lakini wazee watauliza: huyu atajua kusali lini? Wengi walichagua chuo. Miaka kumi baadaye walitazama orodha za waliochaguliwa kuingia sekondari na vyuo vikuu, wakaona majina ya watoto wao ni machache.

Viongozi wa Waislamu wa pwani waliipeleka hoja hiyo kwa Aga Khan IV na kuomba msaada. Si jambo dogo. Waombaji wengi walikuwa Wasunni, na aliyeombwa ni imamu wa Maismailia. Suala la nani atamsomesha dini mtoto wa nani lilikuwa nyeti, na mradi wowote uliokuja na walimu wake na vitabu vyake kutoka nje ungekufa kabla haujazaliwa. Kazi ilikabidhiwa kwa mwalimu wa hapohapo Mombasa, Bi Swafiya Said, na mwaka 1986 shule ya kwanza ya awali ya madrasa ikafunguliwa. Mwaka huohuo ndio uliotoka Decolonising the Mind.

Wazo la Bi Swafiya na wenzake lilikuwa kwamba asubuhi ile moja inaweza kubeba vyote. Chuo kisivunjwe, kibadilishwe ndani. Chumba kilekile cha madrasa, na kamati ya wazazi wa mtaa, wakiwemo akina mama, ndiyo yenye shule. Walimu wawe mabinti na wanawake wa mtaa huohuo, wengi wao wasio na vyeti vikubwa, wanaofunzwa huku wakifundisha na kutembelewa darasani mara kwa mara na mkufunzi. Mtaala uchanganye mambo matatu: maadili ya Kiislamu, utamaduni wa mahali, na maarifa ya kisasa kuhusu jinsi mtoto anavyojifunza.

Hilo la tatu lilikuwa na asili ya mbali. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan nchini Marekani, David Weikart na wenzake walianza mradi wa Perry kwa watoto Weusi wa familia maskini. Watoto 123 walihusika, na walifuatiliwa hadi walipofikia umri wa miaka arobaini. Kutokana na mradi huo ulikua mfumo wa HighScope, ambao kiini chake ni hatua tatu: mtoto hupanga atakachofanya, hukifanya, kisha hukaa na wenzake akaeleza alichofanya. Madrasa za Mombasa ziliuchukua mfumo huu na kuushona upya kwa kitambaa cha nyumbani.

Darasa la namna hii lina kona: ya nyumbani, ya maduka, ya kujengea, ya vitabu. Vifaa havinunuliwi kwenye katalogi. Ni vifuu vya nazi, kokoto, kombe za baharini, vizibo vya soda, mbegu, makumbi, vipande vya kanga vilivyobaki kwa fundi cherehani. Vimepangwa kwenye rafu za chini, ambapo mkono wa mtoto unafika bila kuomba. Siku inafunguliwa kwa dua. Watoto huimba, kisha mwalimu hukaa nao mkekani na kumwuliza kila mmoja: leo utacheza wapi, na utafanya nini huko?

Tusimame kwenye swali hilo, kwa kuwa hapo ndipo fundo la mwaka 1957 linapofunguka. Mtu anaweza kumwamuru mtoto kwa lugha asiyoijua. "Stand up," "sit down," "clap your hands": baada ya siku tatu darasa zima litatii, na mgeni anayepita ataamini kwamba watoto wanajua Kiingereza. Lakini huwezi kumwuliza mtoto kwa lugha asiyoijua ana mpango gani na asubuhi yake. Hawezi kukujibu. Mpango unahitaji wakati ujao, sababu, masharti: nitajenga msikiti, halafu Ali akileta vifuu nitaweka kuba. Kueleza baadaye kilichotokea kunahitaji wakati uliopita, na lawama, na kujitetea: kuba limeanguka kwa sababu yeye alisukuma. Elimu inayomweka mtoto katikati haina budi kuanzia kwenye lugha ambayo mtoto huyo anaweza kubishana nayo.

Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya kupanga, kugombana, kuhesabu vizibo na kusimulia. Kiarabu kilikuja kupitia dua na sura fupi, zikiunganishwa na mambo ya siku: dua ya kula wakati wa kula, salamu wakati wa kuingia. Kiingereza kilikuja kwa nyimbo, kwa majina ya rangi na vitu ambavyo mtoto alikuwa tayari ameshavishika na kuvijua kwa jina la kwao. Hakuna lugha iliyofukuzwa ili nyingine ipate nafasi. Jim Cummins, mtaalamu aliyefanya kazi yake Kanada, alikuwa ameandika mwaka 1979 kwamba lugha mbili za mtoto hazigombei chumba kimoja kichwani. Uwezo uliojengwa kwa ya kwanza huhamia kwenye ya pili. Mtoto aliyejua kwamba vifuu vitano ni vitano hata ukivitawanya hana haja ya kujifunza jambo hilo upya kwa Kiingereza. Anahitaji neno tu.

Mradi ulivuka bahari hadi Zanzibar mwaka 1990, na mwaka 1993 ukafika Kampala. Uganda ulikuwa mtihani wa kweli, kwa sababu Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumba nyingi za huko. Kama mpango ungekuwa ni wa kueneza Kiswahili, ungekwama. Lakini kanuni ilikuwa lugha ya mtoto, na watoto wa Waislamu wa Kampala na vitongoji vyake walizungumza Luganda. Mtaala ukabadilika kufuata masikio yao. Serikali ya Uganda yenyewe ilikuja kuanzisha lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za msingi mwaka 2007.

Kufikia miaka ya 2000 shule za aina hii zilikuwa zimezidi mia mbili katika nchi tatu. Mwaka 2008, Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa madrasa, watoto wa shule nyingine za awali, na watoto waliobaki nyumbani. Waliosoma shule yoyote ya awali waliendelea vizuri zaidi katika uwezo wa kufikiri kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawazidi wa shule nyingine. Utafiti huo haukutenganisha lugha na mengine yote: mafunzo ya walimu, vifaa, ukubwa wa madarasa. Haiwezekani kusema kwamba lugha ndiyo iliyofanya kazi. Linaloweza kusemwa ni kwamba watoto wa mitaa maskini, wakifundishwa na mabinti wa mtaani, kwa vifuu na kwa lugha ya nyumbani, hawakurudi nyuma. Imani iliyoachwa na NPA ilitabiri kinyume.

Hata hivyo fundo hili lina nyuzi nyingine. Kwa mtoto wa Mji wa Kale, Kiswahili ni lugha ya mama, ingawa hata yeye hukuta kitabuni "njoo" na "macho" wakati kwao ni "ndoo" na "mato." Kwa mtoto wa kijiji cha Kwale anayezungumza Kidigo na bibi yake, Kiswahili ni jirani wa karibu sana, na jirani wa karibu anaweza kumeza ua lako kimyakimya. Tunapodai kwamba lugha ya mtoto iheshimiwe, wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kukubali kwamba kuna madarasa ambamo lugha kubwa inayomnyamazisha mtoto ni ya kwetu. Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliifanya elimu ya awali kuwa rasmi, kwa Kiswahili, na Kiingereza kikiwa somo la lazima. Kwa mtoto wa Dar es Salaam huo ni ukarimu. Kwa mtoto wa Kimaasai au wa Kihadza asiyejua Kiswahili, ni NPA nyingine kwa lafudhi tofauti.

Kuna pia soko. Sera inasema lugha ya eneo. Kibao cha shule ya binafsi kinasema "English Medium" kwa rangi nyekundu, na wazazi wanapanga foleni. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika kote Kenya mwaka 2019 unataka PP1 na PP2 wafundishwe kwa lugha ya eneo, na mijini eneo hilo lina lugha kumi. Kuwacheka wazazi hao ni rahisi na si haki. Wanajua ni lugha ipi inayofungua milango ya ajira, kwa sababu wao ndio waliofungiwa. Kosa haliko katika kutaka Kiingereza. Liko katika kuamini kwamba njia fupi ya kukifikia ni kumzuia mtoto asizungumze kwanza.

Zanzibar ilionyesha njia nyingine ya bei nafuu. Kuanzia mwaka 2006, katika mradi ulioitwa RISE, vituo vya jamii vilivyopewa jina la TuTu, yaani Tucheze Tujifunze, vilianza kuendesha masomo ya awali kwa msaada wa redio. Mlezi asiye na cheti cha ualimu aliwasha redio, na sauti ikawaita watoto wasimame, wahesabu, wacheze, wajibu. Jina la vituo hivyo linastahili kutazamwa. Ni vitenzi viwili, na mtendaji wa vyote viwili ni mtoto mwenyewe. Kutoka "vidudu" hadi "tucheze tujifunze" ni safari ndefu kuliko inavyoonekana.

Kwa walio na shule leo, au walio na watoto wa kupeleka, historia hii inaacha jambo moja linaloweza kufanywa Jumatatu asubuhi bila bajeti. Siku ya kuandikisha, pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, aulizwe mzazi: mchana huyu mtoto hushinda na nani, na huzungumza naye kwa lugha gani? Jibu liandikwe kwenye daftari la mwalimu, kando ya jina. Wakati mwingine litakuwa Kiswahili, wakati mwingine Kigiriama, Luganda, Kisukuma, au mchanganyiko wa mtaani usio na jina. Mwalimu aliye na jibu hilo anajua pa kuanzia atakapopiga magoti mbele ya rafu, amwonyeshe mtoto vifuu, na kumwuliza leo anataka kujenga nini.